Sentensi ya Mfyatua Matofali

Paroko aliponiambia kwamba mahabusu wa gereza la hapa Kibondo wameomba mwalimu wa Kiingereza, nilidhani ananitania.

"Kiingereza cha nini, Baba?"

"Niliwauliza wanahitaji nini. Nilitegemea waseme sabuni. Wakasema sabuni na Kiingereza. Sabuni nimeshapata. Umebaki wewe."

Mimi ni mtu wa kanisa tangu utoto. Nilisoma seminari, nikatoka kabla ya daraja la upadri, na Mungu akanipa chaki badala ya kalisi. Serikali ikanipanga Kibondo nikitokea mkoa wa mbali, nikafundisha sekondari mpaka nikastaafu, nikaoa hapa, nikajenga hapa. Kiha changu bado kinawachekesha wakwe zangu, lakini hakuna kinachonipita nikisikiliza. Baada ya kustaafu nilikuwa na migomba yangu, rozari yangu, na zamu yangu ya kusoma masomo Jumapili. Nilishukuru kwa hayo na sikutafuta zaidi. Hata hivyo paroko hakatazwi jambo kirahisi. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye lango la gereza na kipande cha ubao kwapani.

Askari aliyepangiwa kukaa nami alikuwa kijana mwema kutoka mikoa ya kusini. Kiingereza, alisema mwenyewe, walishaachana naye tangu kidato cha pili bila ugomvi. Akanipa sheria moja tu.

"Mwalimu, uliza kijiji, uliza mke, uliza timu ya mpira. Kesi usiulize. Humu kila mtu yuko na kesi yake, haijaisha, na kesi ina masikio."

Nikaahidi.

Darasa lilikuwa banda la kulia chakula, mabenchi yakigeuziwa ukutani. Nilikuta sababu za kila namna. Wapo waliosikia kwamba mashirika ya kwenye kambi za wakimbizi huajiri mtu akijua Kiingereza. Mrina asali mmoja alitaka kusoma maandishi ya kwenye chupa za dawa za wadudu, kwa sababu nyuki wake walikufa na yeye hakujua kosa lilikuwa wapi. Mkongomani mmoja, mwalimu kwao kabla ya vita, aliyekamatwa nje ya kambi bila kibali, alinitazama kwa huruma siku ya kwanza.

"Bon, Mwalimu," akasema, "hii Kingereza yenu ni Kifaransa chenye kuamka na malaria. Lakini tutajifunza, tutafanya nini?"

Wakacheka wote, nami nikacheka, na darasa likaanza.

Nilifundisha kama nilivyofundisha siku zote, kama tunavyofundisha nchi nzima: mmoja anasema, wote wanarudia. Mtu anasimama, anatoa sentensi yake, na darasa zima linaipokea kwa sauti moja, tena na tena, mpaka nigonge ubao kwa kijiti. Nikigonga, kimya. Nisipogonga, wanaendelea. Wapo wanaodharau njia hiyo. Mimi naijua faida yake kwa watu wazima wenye aibu. Mtu mwenye mvi, ambaye hawezi kuthubutu kusema peke yake neno asilolijua, anaweza kulisema akiwa katikati ya wenzake. Ulimi unatangulia, maana inafuata baadaye. Ndivyo walivyonizoea, na sauti zao zilipanda mpaka wapishi wakawa wanatuitikia kutoka jikoni.

Wawili kati yao lazima niwaeleze.

Wa kwanza alikuwa mfyatua matofali kutoka Kitahana, mtu wa makamo, kifua kipana, mpole mno. Alikuwa anaelewa haraka kuliko wote lakini hakupenda kusimama. Wa pili alikuwa mchuuzi wa maharage. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku, akapewa uraia, akanunua baiskeli, akawa anazunguka vijijini kununua maharage na kuyapeleka sokoni Kibondo. Hawa wawili walikaa benchi moja kila kipindi. Walilala mkeka mmoja. Nilidhani ni ndugu.

Askari ndiye aliyenifumbua macho tukiwa langoni, bila mimi kuuliza. Walikuwa na kesi moja, ya mauaji. Mdogo wake mfyatua matofali alikutwa asubuhi bondeni, njia ya kutoka kwenye pombe, amepigwa kichwani. Watu watatu waliondoka pamoja kilabuni usiku ule: ndugu wawili na mchuuzi. Mchana wa siku hiyo hiyo mchuuzi na marehemu walikuwa wamegombana mbele ya watu kuhusu bei ya maharage. Wote wawili waliobaki wakakamatwa, wote wakakana.

"Lakini kijiji kimeshahukumu," askari akasema. "Wanasema ni yule wa kuja. Hata mama wa marehemu anasema hivyo. Akileta chakula kwa mwanawe, yule mwingine hamtazami hata usoni."

Nilienda nyumbani nimeinama. Nikawaweka wote wawili katika sala zangu za jioni, yule na yule, bila kumwelekeza Mungu.

Sasa nieleze siku yenyewe. Maneno yaliyosemwa kwa Kiingereza nayaandika hapa kwa Kiswahili.

Tulikuwa tumefika kwenye mambo yaliyopita. Nikawaambia: kila mmoja aseme jambo moja alilowahi kulifanya kijijini kwake. La shambani, la sokoni, la nyumbani. Nilipima maneno yangu kabla ya kuyatoa, nikaona hayana ubaya.

"Nilipanda maharage," akasema wa kwanza.

"Nilipanda maharage!" darasa likapokea. Nikagonga ubao.

"Nilifundisha watoto hesabu," akasema Mkongomani, kifua mbele. Wakarudia. Nikagonga.

Mrina asali akasimama, akakosa neno, akaonyesha kwa mikono: kitu kirefu, kisha pigo. Nikamwandikia neno la kuua ubaoni, akalisoma herufi kwa herufi, akaunga sentensi yake. "Niliua nyoka ndani ya mzinga."

"Niliua nyoka ndani ya mzinga!"

"Muongo huyo!" mmoja akapiga kelele kwa Kiswahili. "Nyoka ndiye aliyemkimbiza mpaka barabara ya Nyakanazi!"

Banda zima likacheka, na askari mlangoni akacheka. Ilikuwa saa nzuri. Namkumbuka hata mrina asali akifuta machozi ya kicheko kwa shati lake.

Katikati ya kicheko hicho mfyatua matofali akasimama. Sikumwita. Alisimama mikono ikiwa imelala ubavuni, akanitazama mimi, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu:

"Nilimuua mdogo wangu."

Na darasa likapokea.

"Nilimuua mdogo wangu!"

Wanaume wote, kwa sauti moja, kwa nguvu ile ile ya nyoka na maharage. Kuta zilirudisha sauti hiyo. Kijiti kilikuwa mkononi mwangu na sikugonga. Sikuweza kugonga.  Na kwa sababu sikugonga, wakarudia kama nilivyowazoesha.

"Nilimuua mdogo wangu!"

Safari hii waliokaa mbele sauti zao zilipungua, kwa kuwa maana ilikuwa imewafikia. Mkongomani alifunga mdomo katikati ya neno. Lakini wa nyuma hawakuwa wameelewa bado, wakaenda mara ya tatu peke yao, wakijitahidi matamshi, mmoja wao akitabasamu kwa jinsi alivyoliweza. Kisha nao wakakatika mmoja mmoja.

Mchuuzi wa maharage hakuwa amefungua mdomo tangu mara ya kwanza. Alikuwa ameketi pale pale, bega lake likigusana na mguu wa mwenzake aliyesimama, akitazama neno nililoliandika ubaoni.

"Leo mnaimba vizuri, Mwalimu!" askari akasema kutoka mlangoni. "Hata nje wanasikia."

Nimekaa na wagonjwa wakikata roho. Nimezika watoto. Sikuwahi kupigwa na kitu kama nilivyopigwa na sifa ile ya askari.  Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Anayefuata." Mtu akasimama, akasema alipika uji. Wakarudia uji. Nikagonga.

Mfyatua matofali alikuwa ameketi.

Kipindi kilipoisha mchuuzi alichukua ubao kunisaidia kuufikisha langoni, kama ilivyokuwa kawaida yake. Askari alikuwa mbele yetu, anatafuta funguo.

"Umesikia, Mwalimu?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia, mwanangu."

"Nilikuwa najua. Nani mwingine angekuwa? Mimi niliwaacha njia panda, wakashuka bondeni wawili. Nilisema kijijini, nilisema polisi. Mtu wa kuja anasema, nani anamsikia?"

"Nakwenda kwa mkuu wa gereza sasa hivi."

Akasimama na ubao mikononi. "Usiende."

Nilimwangalia kama mtu aliyepoteza akili. Alikuwa na mtoto aliyezaliwa yeye akiwa ndani, hajawahi kumbeba. Kosa aliloshtakiwa nalo linaweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Na mlango wake wa kutokea ulikuwa umefunguka mbele ya macho yake, naye ananiambia nisiusukume.

"Ukimsemea wewe, atakana," akasema. "Atasema lilikuwa somo. Wote tutasema lilikuwa somo, maana wote tulisema vile vile, si ndiyo? Na akikana hapo hatarudia tena mpaka afe. Tunalala mkeka mmoja, namjua. Wiki tatu sasa siku ya nyama ananiwekea ya kwake kwenye bakuli langu, hasemi kitu. Kuna kitu kinakuja, Mwalimu. Mwache kije chenyewe."

"Na kama hakiji?"

"Basi nitakuwa nimekosea."

Alisema hivyo kama mtu anayesema juu ya mvua.

Nilifundishwa tangu utoto kwamba kweli haifichwi, na niliwafundisha wengine hivyo. Siku zile nilipiga magoti asubuhi kanisani na nikanyanyuka bila jibu. Mwishowe nikamrudia mchuuzi na sharti moja. Ningesubiri mpaka kikao cha Mahakama Kuu, kilichokuwa kimepangwa kukaa Kasulu. Siku ya kikao ningekuwa ndani. Kama mwenzake angekana mpaka mwisho, ningesimama na kusema nilichosikia, darasa likasirike au lisikasirike.

"Sawa, mzee wangu," akasema. "Lakini asijue kwamba umesema hivyo."

Mfyatua matofali hakuja kipindi kilichofuata. Walisema anaumwa tumbo. Kipindi kingine alikuja, akakaa mpaka mwisho bila neno, na wenzake walipotoka akabaki. Mchuuzi alitoka bila kugeuka. Askari alikaa kwenye ngazi anaongea na simu, anatuona lakini hatusikii.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yakaniishia yote, nikabaki na swali moja.

"Kwa nini kwa Kiingereza?"

Alifikiri.

"Kwa Kiha nikilisema, namsikia mama. Ni yeye aliyenifundisha kila neno la Kiha. Kwa Kiswahili namsikia polisi. Kiingereza nimekisikia kwako tu. Hakina mtu mwingine ndani." Kisha akaongeza, "Sikujua kama watarudia."

"Hata mimi sikujua."

"Waliposema wote, nikaona kama wamenishikia mzigo, kila mtu pembe moja. Halafu nikamwona huyu mwenzangu wa mkekani ameketi, hajashika."

Nikamwambia niko tayari kumleta padri.

"Padri nitamwona. Mungu nilishamwambia siku ile ile bondeni, kwa Kiha. Kwa Mungu sina tatizo la lugha. Tatizo ni mama, Mwalimu. Amebaki na mimi tu. Alikuwa na wawili."

 Kisha akaniomba jambo moja.

"Nifundishe yaliyobaki."

"Yapi?"

"Jinsi ya kusema huyu hakuwepo. Jinsi ya kusema mpini wa jembe. Jinsi ya kusema tulikuwa tumelewa na alinitukana kwamba nakula kwa mgongo wa mama. Nataka niseme yote mara moja, nisikwame katikati nikarudi nyuma."

Nimefundisha watoto wa watu kwa mitihani, nimeona wanafunzi wangu wakiwa madaktari. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mwenye haja kama ile. Nikachukua chaki. Nikamwandikia: hakuwepo. Nikamwandikia: mpini wa jembe. Alisoma kimya, midomo ikicheza, kisha nikafuta upesi kabla askari hajamaliza simu yake.

Siku nyingine aliniuliza, "Na jinsi ya kusema sikukusudia?"

Nikaweka chaki chini. "Hukukusudia?"

Akaangalia viganja vyake. "Nilikusudia kumpiga. Sikukusudia afe."

"Basi sema hivyo hivyo, usiongeze, usipunguze. Na umwambie wakili wako kabla ya jaji."

"Wakili nitamwona siku ya kesi. Nikianza kumwambia yeye kwa Kiswahili, nitarudi kwenye yale yale ya siku zote."

 Tukaendelea na somo.

Siku ya kikao niliondoka Kibondo na basi la kwanza. Karandinga la magereza lilikuwa limeshapita. Njia yote hadi Kasulu nilishika rozari mfukoni na sikumbuki kama nilisali au niliishika tu.

Ndani ya ukumbi wa mahakama nilikuta nafasi benchi la tatu. Mama mmoja mwembamba, kitenge kipya, kikapu miguuni, akanisogelea. "Mwakeye," akanisalimu. Nikaitikia. Akanitazama vizuri.

"Wewe ndiye mwalimu wa gerezani? Mwanangu alinisimulia. Anasema unafundisha lugha ya wakubwa."

Ndivyo nilivyojua ni mama wa mfyatua matofali. 

Upande wa pili wa benchi letu alikaa mwanamke kijana na mtoto mapajani, mtoto mwenye uso wa mchuuzi wa maharage mtupu. Mama hakugeuza shingo, lakini alisema kwa Kiswahili, ili asikike, "Wengine wanabeba watoto mpaka mahakamani. Wanadhani jaji ni mnyonyeshaji."

Mwanamke kijana akamvuta mtoto karibu. Ilionekana ameshazoea.

Washtakiwa wakaingizwa. Jaji alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya kituo. Karani akasoma shtaka kwa Kiswahili, polepole, jina la marehemu likatajwa, na mama akafumba macho. Mfyatua matofali akaulizwa kama ni kweli au si kweli.

Alitazama benchi alilokaa mama yake.

Akaulizwa tena.

"Si kweli," akasema.

 Mchuuzi akaulizwa naye. "Si kweli, Mheshimiwa." Hakumtazama mwenzake. Aliangalia mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Jaji alikuwa anaandika. Nilianza kukusanya magoti yangu ili nisimame, maana niliahidi, na magoti ya uzee hayafanyi haraka.

"Mheshimiwa." Alikuwa mfyatua matofali. "Naomba kusema kwa Kiingereza."

Watu wakacheka ukumbi mzima. Askari mmoja akafunika mdomo. Wakili wake, kijana aliyekutana naye asubuhi ile, alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Hapa tunatumia Kiswahili," jaji akasema. "Na kama Kiswahili ni shida, mkalimani wa Kiha yupo."

"Najua, Mheshimiwa. Kwa hizo mbili nimeshasema uongo."

Kicheko kikakatika. Jaji akavua miwani, akamtazama, akaivaa. "Sema."

Akasema. Alisema yote, bila kukwama, neno baada ya neno kama mtu anayepanga matofali kwenye tanuri: kwamba ni kweli, kwamba alimuua mdogo wake kwa mpini wa jembe, kwamba walikuwa wamelewa na alitukanwa, kwamba alikusudia kumpiga na hakukusudia afe. Kwamba huyu rafiki yake hakuwepo, aliwaacha njia panda, na amefungwa bure.

Nilikuwa nayajua maneno hayo yote, niliyaandika kwa mkono wangu. Hata hivyo nilishtuka kana kwamba nayasikia mara ya kwanza. Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa kando yangu. Wale waliojua Kiingereza ukumbini walikuwa wameganda, wakili wa Serikali kalamu hewani. Wasiojua walikuwa bado wanatabasamu. Na mama alikuwa ananivuta mkono wa koti.

"Umwana wanje! Mwanangu!" alininong'oneza, uso wote unang'aa. "Msikie! Mbele ya jaji! Mwalimu, Mungu akubariki, umenifundishia mwanangu!"

Sijui kama kuna jambo baya zaidi limewahi kunipata kuliko baraka ile.

Jaji alimuuliza maswali mawili kwa Kiingereza, akajibu. Kisha akaamuru mapumziko mafupi ili mshtakiwa azungumze na wakili wake. Wakatolewa. Watu wakaanza kunong'ona, na uso wa mama ukaanza kubadilika, maana aliona wengine hawatabasamu.

"Mwalimu. Amesema nini?"

Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kumwachia karani, au jirani mwenye mdomo, au barabara ya kurudi Kitahana. Lakini aliniuliza mimi, na mkono wake ulikuwa bado kwenye koti langu. Nikamwambia kwa Kiha changu kibovu, kwa maneno machache. Kwamba mwanawe amesema ni yeye. Kwamba yule mwingine hakuwepo.

Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayengoja nimalizie, kama vile nimeishia katikati. Kisha kitenge kikamteleza begani na hakukirudisha.

"Amesema kwa lugha ile ili mimi nisisikie?"

"Ndiyo, mama."

"Na jaji amesikia."

"Amesikia."

Akakaa. Watu walipita mbele yetu wakitoka nje, hakuinua miguu wapite. Mtoto wa mchuuzi alianza kulialia kwa njaa. Mama aligeuza kichwa, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akamtazama yule mtoto muda mrefu sana, uso wake, masikio yake. Kisha akainama, akafungua kikapu alichomletea mwanawe, akatoa ndizi zilizopikwa na maharage, zimefungwa kwenye jani.

"Huyo mtoto amekula?" akauliza.

Mwanamke kijana alirudi nyuma kidogo. Aliogopa. Naye hakujua Kiingereza, hakuelewa kilichosemwa, alimwona tu adui yake wa miaka yote amenyoosha mkono. Alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, nikamweleza na yeye. Akaweka kiganja mdomoni, na mtoto akachukua ndizi mwenyewe.

Tuliporudi ndani, yaliyofuata yalikuwa ya kisheria na hayakuchukua muda. Mfyatua matofali alikiri kuua bila kukusudia, wakili wa Serikali akakubali, na akaomba kuondoa shtaka dhidi ya mshtakiwa wa pili. Jaji akamwambia mchuuzi yuko huru. Mchuuzi hakuelewa kwamba anaruhusiwa kutoka kizimbani. Askari ilibidi amwonyeshe ngazi. Kabla ya kushuka alimshika mwenzake begani, akambana, na yule akainamisha kichwa. Adhabu ilikuja siku iliyofuata, miaka mingi, lakini si kitanzi. Namshukuru Mungu kwa hilo pia, na sijui bado kama nimeruhusiwa kushukuru.

Nje, mchuuzi alisimama uwanjani na mtoto ambaye hakukubali kubebwa naye, akilia na kumtafuta mama yake. Mama wa mfyatua matofali akawaendea. Nilisogea kwa kuogopa kitakachotokea. Akapiga magoti pale kwenye kokoto, kitenge kipya na vyote, akapiga makofi taratibu, akamsalimia kijana wa umri wa wanawe kama anavyosalimiwa mkubwa. Mchuuzi akashtuka, akamkamata mikono, akamwinua.

"Hapana, mama. Inuka, inuka. Watu wanatuona."

"Waache waone," akasema.

 Mchuuzi aliondoka na mkewe kutafuta gari la Kibondo. Mimi na mama tukabaki. Alikuwa ameshika kikapu chake kitupu, anaangalia karandinga lililoegeshwa pembeni ya jengo, wavu dirishani.

"Mwalimu, akishafungwa, watu wanaruhusiwa kumwona?"

"Jumapili wanaruhusu. Nitakupeleka mwenyewe."

"Utanipeleka mpaka langoni tu. Ndani nitaingia peke yangu." Akakirudisha kitenge begani, akajifunga vizuri. "Ataniambia kwa Kiha."